Mabawa Matatu ya Mpira

Damari tulimzika Jumamosi, kule Kiomboi, kwenye udongo uliokauka mpaka wachimbaji wakalazimika kuumwagia maji kwanza ndipo majembe yaingie. Nilisafiri kutwa nzima kutoka Manyoni, na magoti yangu hayajanisamehe hadi leo. Baada ya mazishi niliwekewa kiti karibu na mlango wa jiko, kwa sababu uzee umenifanya mtu wa kutafuta moto, na hapo nikawasikia wanawake wakibishana kuhusu watu aliowazalisha marehemu. Huyu alitaja ukoo mzima, yule akasema umesahau wa kule mbugani, wa tatu akasema hata mchungaji aliyeendesha ibada alipokewa na mikono ile ile. Mimi nilikunywa uji wangu. Walikuwa wanakumbuka watoto, na mimi nilikuwa nakumbuka injini ya boti. Nilijikuta natabasamu msibani, mzee mzima, nikainamisha kichwa ili wadhani nalia. Muda si mrefu nikawa nalia kweli.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho mwisho wa utawala wa Waingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kujifunza ufundi kwenye gereji moja ya malori karibu na stesheni ya Manyoni, na nilikuwa na kiburi cha mtu anayeweza kufumba macho akakwambia lori linaumwa nini kwa kulisikiliza tu. Ndipo zahanati ya Ziwa Kitangiri ilipopata boti. Ilikuja juu ya lori, ikateremshwa kwenye mteremko mkali wa Iramba huku imefungwa kamba kama ng'ombe mkorofi, na nikaajiriwa niwe dereva wake na fundi wake. Sikuwa nimewahi kupanda boti. Nilipoulizwa nikasema injini ni injini, na waliokuwa wanauliza hawakujua zaidi yangu, kwa hiyo jibu likakubalika.

Sababu ya boti ilikuwa ng'ambo. Kiangazi mtu wa ng'ambo aliweza kuzunguka ziwa kwa miguu akafika zahanati, ingawa alilala njiani. Mvua zikianza, mbuga yote ya pembeni inageuka tope jeusi linalomeza mtu hadi mapajani, na watu wa ng'ambo wanabaki peke yao mpaka jua lirudi. Mwaka uliotangulia, mke wa jumbe wa kule alishikwa na uchungu siku tatu. Alipona, mtoto hakupona. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na ilikuwa inatimia katikati ya mvua. Daktari wa serikali, Mzungu mrefu aliyekuja mara moja moja kwa Landrova, alituambia wazi siku ya kwanza. Boti ile imeombwa na ziwa jingine pia. Akirudi mvua zikianza kuchanganya, na boti isiweze kwenda ng'ambo na kurudi bila kusimama, ataipakia tena kwenye lori. Alilisema bila ukali, akamgeukia Damari, mkunga wa zahanati, akamuuliza kuhusu dawa za macho.

Tuliishi watatu pale ufukweni. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili vya udongo vilivyopakwa chokaa. Kimoja kilikuwa cha wagonjwa, na kingine alilala Damari pamoja na makabati ya dawa, hivyo nguo zake zote zilinuka dettoli. Mimi nililala stoo, kati ya madebe ya petroli na magunia ya mtama. Wa tatu alikuwa Mzee Gunda, mlinzi na mpishi, mtu aliyeamini kwamba chochote kinachokula petroli badala ya majani hakiwezi kuwa na akili. Jiko lake lilikuwa ua wa matete usio na paa. Tulikula humo, ugali wa uwele na kambale, au mlenda siku ambazo wavuvi hawakutukumbuka, na maziwa ya mgando aliyoyatikisa kwenye kibuyu huku akitusimulia makosa yetu ya siku nzima. Damari alikuwa amenizidi miaka kama sita. Alikuwa mwembamba, msemaji wa maneno machache, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mikononi kabla ya usoni. Nilimwita dada, naye akaniita kwa jina langu, Elieza, isipokuwa akitaka kunichokoza. Hapo aliniita bwana wa boti.

Injini ile haikuwa na rejeta ya kuipoza kama ya lori. Ilikuwa inakunywa maji ya ziwa yenyewe. Chini ya boti palikuwa na tundu lenye wavu wa chuma. Pampu ndogo ilivuta maji hapo, ikayapitisha ndani ya chuma cha injini kuipoza, kisha yakatoka ubavuni kwa mrija. Ukiona maji yanaruka vizuri ubavuni, injini ina afya. Nilipenda kuyatazama. Lakini Kitangiri ni ziwa la kina kifupi, na upepo wa mchana ukivuma, maji yake yanakuwa rangi ya chai ya maziwa. Mimi nimekulia mahali ambapo kiangazi tunafukua mchanga wa mto tupate maji, na mtoto wa kwetu hujifunza kuchuja maji kwa kitambaa kabla hajajifunza kuhesabu. Mama yangu asingekunywa maji ya dimbwi yasiyochujwa, hata afe kwa kiu. Basi nikayatazama yale maji ya tope yakiingia kwenye injini mpya na nikaionea huruma. Asubuhi moja, Damari akiwa na wagonjwa, nilikata kipande cha kaniki, nikazama chini ya boti pale kwenye maji ya kifuani, nikakifunga vizuri juu ya ule wavu. Niliona nimefanya jambo la maana. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka baadaye waseme injini ya Elieza haichafuki.

Siku hiyo hiyo tulikwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza. Hatukufika. Katikati ya ziwa kipimo cha joto kilipanda, rangi ya sanduku la injini ikaanza kunuka, nikatazama ubavuni na kuona mrija ni mkavu. Mvuke ukatoka mahali ambapo sikujua panaweza kutoa mvuke. Nilizima. Tulirudi kwa upondo, mimi na Mzee Gunda tukipokezana, Damari ameketi na sanduku lake la vifaa magotini. Tulipofika nilisubiri waondoke, nikazama tena. Kaniki ilikuwa imenyonywa ndani ya wavu na kukaza kama ngozi ya ngoma, imejaa tope. Niliitoa nikaificha chini ya gunia la mtama. Jioni Damari alipoandika barua kwa daktari aliniuliza aandike sababu gani, nikamwambia majani ya ziwani. Akaandika majani ya ziwani.

Nikadhani yameisha. Lakini hata bila kitambaa, maji ya ubavuni yalitoka kidogo kidogo. Mzee Gunda aliyatazama siku ya kwanza, akatazama siku ya pili, kisha akasema, "Inakojoa kama mimi." Nikafungua pampu. Ndani yake huzunguka kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita laini, na maji yenyewe ndiyo yanayoyalainisha. Pampu ikizunguka pakavu, mabawa yanaungua. Yangu yalikuwa yamebaki matatu. Kitambaa kilikuwa kimeinyima maji, ikajitafuna. Kwenye sanduku la vipuri palikuwa na kigurudumu kimoja kipya, kimoja tu, nikakifunga. Nikawasha. Maji yakaruka ubavuni vizuri mpaka Mzee Gunda akasogea miguu yake. Nilikula vizuri usiku ule. Kesho yake nikapakia madebe ya maji badala ya watu, nikatoka kujaribu. Kwa mwendo wa taratibu ilikuwa sawa kabisa. Nilipoongeza mwendo, maji ya ubavuni yakapungua, na joto likapanda.

Yaliyofuata ni wiki mbili ambazo sitaki kuzirudia maishani, na hata hivyo ndizo zilizonifanya fundi. Nilisafisha wavu. Nilisafisha mrija wa kutolea maji. Nilikagua mikanda, nikabadilisha gasketi kwa ile niliyoikata kwenye boksi la sabuni, nikatoa kile kimlango kinachofunguka kwa joto, nikakichemsha kwenye sufuria ya Mzee Gunda nione kama kinafunguka. Kilifunguka, na uji wa asubuhi yake ulikuwa na ladha ya grisi. Kila jioni nilisema kesho, na kila kesho injini ilipoa kwa mwendo wa pole na kuchemka kwa mwendo wa kazi. Mawingu yalianza kukaa juu ya Iramba. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, na wavuvi wakaleta habari kwamba njia ya kuzunguka imeanza kulainika. Kisha ikaja barua. Daktari atafika Alhamisi.

Ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa stoo nikifuta spana, na ukuta wa stoo ulipakana na ua wa jiko, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Mzee Gunda alikuwa anachambua mlenda. "Boti inaondoka," alisema. "Kijana wa watu anajitahidi, lakini haelewi." "Anaelewa," Damari akasema. "Ila kuna kitu anaficha. Toka siku ile anakwepa macho yangu. Mgonjwa akikuficha alichokula, utampa dawa zote za kabati na hutamponya." Mzee Gunda akasema labda ni aibu. Damari akasema, "Aibu si yangu kuibeba. Mimi nitakuwa na mke wa jumbe ng'ambo, na maji katikati." Nilikaa pale na kitambaa cha grisi mkononi. Nimetukanwa mara nyingi maishani, hakuna tusi lililoniingia kama yale mazungumzo ya pole juu ya mboga.

Asubuhi nilimletea kaniki. Nilimkuta anachemsha mikasi, nikaweka kile kitambaa mezani, bado kina tope kavu, nikamwambia yote kuanzia mwanzo. Nilitegemea anikaripie. Alikishika, akakigeuza, akauliza, "Ulikuwa unaichujia maji?" Nikasema ndiyo. Niliona anavyojizuia kucheka, na kwa kweli nilimshukuru kwa kujizuia. Kisha akasema, "Lile gurudumu la zamani liko wapi?" Nikalileta. Alilishika kwenye mwanga wa dirisha, akagusa vishina vya mabawa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

"Yalikuwa mangapi?"

"Sita."

"Hapa naona matatu. Mengine yako wapi?"

Nikasema yamekatika. Akasema anaona kwamba yamekatika, yeye anauliza yako wapi.

"Elieza, sikiliza," alisema. "Mama akijifungua, mtoto amelia, watu wanapiga vigelegele, kazi yangu haijaisha. Nasubiri kondo la nyuma. Likitoka silitupi. Nalitandaza kwenye beseni, nalitazama pande zote, naunganisha kingo kwa kingo. Kikikosekana kipande cha ukubwa wa ukucha, kiko ndani, na mama yule ataniangalia leo akicheka na kesho kutwa atakuwa na homa au damu isiyokoma. Kitu kilichokatika ndani hakiendi mbinguni. Sinawi mikono mpaka limetimia." Akanirudishia gurudumu. "Wewe ulinawa mikono mapema."

Nilikuwa nimeangalia kila kitu kilichokuwepo, na sikuwa nimetafuta kisichokuwepo. Mara moja nikaelewa pia kwa nini injini ilikuwa inanidanganya. Kipande cha mpira kikikaa ndani ya njia ya maji, maji ya pole yanakipita. Maji yakija kwa nguvu yanakisukuma mpaka kinaziba tundu. Nilikwenda kwenye boti nikiwa nusu nakimbia. Kufika adhuhuri nilikuwa nimefungua kiwiko cha bomba kinachotoka kwenye pampu, na bawa la kwanza lilikuwa humo, limejikunja. La pili lilipatikana Jumatano, kwenye mdomo wa injini ambapo maji yanaingia, nililivuta kwa waya niliokunja kama ndoana. Niliyaweka kwenye kifuniko cha kopo juu ya meza ya Damari, naye akayasogeza kwenye vishina vyake kuona yanapokaa. Moja lilikuwa la shina hili, jingine la shina lile. Shina la tatu lilibaki tupu. Nilichokonoa kwa waya mpaka jua likazama, bila kuambulia kitu.

Alhamisi asubuhi niliunganisha kila kitu nikajaribu. Injini ikaenda kwa mwendo wa kazi, kipimo kikatulia mahali pake, maji yakaruka. Nilizunguka ghuba mara tatu. Yote sawa. Niliporudi ufukweni Landrova ilikuwa imeshafika na daktari amesimama kando ya maji, suruali imekunjwa, tayari kupanda. Mzee Gunda alikuwa amevaa koti lake la sherehe. "Naona inafanya kazi," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Twende ng'ambo." Nilimtazama Damari. Hakunipa ishara yoyote. Nakumbuka nilisikia kila kitu wakati ule, maji yakigonga ubao, ng'ombe wakilia mbali. Ningeweza kumpakia. Nafikiri tungefika na kurudi. Boti ingebaki, barua ingeandikwa, na mimi ningekuwa bwana wa boti. Na siku moja katikati ya mvua, na mke wa jumbe amelala kwenye mbao zile, kile kipande kingegeuka upande wake mbaya.

"Bado, Bwana," nikasema. "Sijamaliza."

Akauliza nini bado. Nikatoa ile kaniki mfukoni nikamwonyesha mbele ya Mzee Gunda na wagonjwa waliokuwa wamekusanyika. Nikasema hayakuwa majani, nilikuwa mimi. Nikasema yamekatika mabawa matatu na ninayo mawili, na mpaka nipate la tatu sitampakia mtu kwenye boti ile, wala yeye. Daktari akatazama mawingu juu ya mteremko ambao lazima aupande kabla haujawa utelezi. Akasema atawaona wagonjwa kwanza, halafu atakunywa chai. Baada ya chai ataondoka, na atakuwa ameshaamua.

Damari alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na lile debe la enamali la kupigia watu bomba, lenye mpira wake mrefu, alilolitumia kuwatibia waliofunga choo. "Kilichoingia na maji kitatoka na maji," alisema. "Lakini umekuwa unakisukuma mbele. Kirudishe nyuma, kitokee kilikoingilia." Tulichomeka ule mpira kwenye tundu la juu la injini, mahali maji yanapotokea, tukaufunga kwa bandeji. Mzee Gunda, na koti lake la sherehe, akasimama juu ya pipa ndani ya boti akiwa ameinua debe juu ya kichwa, nami nikawa najaza maji kwa kata. Wagonjwa walielewa upesi ni tiba gani injini inapewa, na kicheko chao kilifika mpaka kwenye matete. Mzee Gunda aliapa kwamba hatasimulia jambo hili kwa wajukuu. Maji yalitoka chini yakiwa meusi, kisha kahawia, kisha safi. Hakuna kitu. Tukajaza tena. Nikachukua mwiko wa ugali nikawa nagonga chuma taratibu, kila upande, kama unavyogonga mgongo wa mtoto aliyepaliwa. Debe la tano, hakuna. Mzee Gunda, ambaye hakuwahi kuisifu injini, alisema kwa sauti ndogo, "Jaza, mwanangu." Nikajaza. Katika debe la saba kitu cheusi kilichungulia kwenye mdomo wa chini, kikasita, kikaangukia kiganjani kwa Damari.

Hakushangilia. Aliliweka kwenye lile shina tupu, akaligeuza mara moja, likakaa. "Imetimia," alisema. Ndipo akaenda kunawa mikono.

Daktari alikuwa bado na kikombe. Tulimvusha ng'ambo na kumrudisha kwa mwendo wa kazi bila kusimama, na maji yakiruka ubavuni njia nzima. Aliposhuka alinipa mkono, akasema barua ijayo iandike sababu ya kweli, akaondoka kuuwahi mteremko. Lori la kuchukua boti halikuja. Wiki chache baadaye, mbuga yote ikiwa tope, tulimfikia mke wa jumbe kwa wakati. Mimi nilibaki kwenye boti nikisubiri, na mtu wa kwanza kutoka nyumba ile hakuwa na haraka, ndivyo nilivyojua kwamba ni salama.

Nilirudi Manyoni Uhuru ulipopatikana, na nilikuwa na gereji yangu tangu wakati ule mpaka macho yaliponikataa. Vijana wote niliowafundisha wamechoka kusikia habari za kondo la nyuma. Hakuna aliyeruhusiwa kufunga injini niliyoifungua mpaka kila kipande kilichovunjika kiwekwe juu ya meza na kiunganishwe. Wakinung'unika niliwaambia kuna mkunga mmoja Kitangiri alinifundisha, nendeni mkabishane naye. Damari sikumwona sana. Mara mbili au tatu, harusini, msibani. Siku zote nilibeba deni la lile somo, na aibu ya ile kaniki. Nilijua alinikumbuka kama kijana aliyechujia injini maji.

Jumamosi ile, wageni walipopungua, binti yake Tabita alinijia pale mlangoni. Yeye naye ni mkunga, ana mvi. Akanisalimia shikamoo, akachuchumaa karibu na kiti changu.

"Mjomba, wewe ndiye yule wa boti?"

Nikasema ndiye, nikaanza kujitetea kuhusu kitambaa.

"Kitambaa gani?" akauliza. Alinitazama bila kuelewa. Hajawahi kusikia habari ya kitambaa. "Mama alitufundisha wote hapa, mimi na wasichana wote wa wodi ya wazazi. Tukitaka kuondoka mapema, tumechoka, mtoto amelia na ndugu wanashangilia, alikuwa anasimama mlangoni anasema, kumbukeni yule kijana aliyekuwa na boti inayokwenda, na Mzungu amesimama anasubiri, akasema sijamaliza."